Miwani Iliyonunuliwa Bila Uso

Bwiza, Bujumbura, 9 Januari 2005

Saliha mujukuu wangu, asalaam aleikum.

Mi ni muzima, goti tu linasumbua, lakini goti si habari. Kama umesimama, kaa chini kwanza. Nimemupata baba yako.

Usilie bado, sikia. Kuna biro mupya, ofisi inayotafuta watu waliopotea. Wana picha za watu walioko kambini kule Kigoma, picha bila majina, maana wengi walibadilisha majina kwa woga, kwa hiyo wanataka mutu ajue sura kwanza. Musichana anakuwekea picha mezani moja moja kama karata. Nyuma yangu wamama walipanga mustari hadi barabarani. Mi nasema apana, apana, apana. Ikaja moja, moyo ukaruka. Nikaweka kidole juu yake nikasema huyu ni Twalibu, nilimuzaa mimi. Wakaandika.

Miaka kumi, Saliha. Tangu asubuhi ile ya mwezi wa tatu wenye bunduki walipotutoa kartie nzima, mutaa wote. We ulikuwa na miaka mitano, nikakutupa kwenye gari la watu wa mama yako, Mungu amurehemu, na Twalibu akasema anarudi nyumbani kuchukua baiskeli. Baiskeli. Hapo ndipo nilipomuona mwisho.

Picha walinipa mbili, moja nimebaki nayo, moja nimekuwekea humu ndani. We humukumbuki sura, na mama yako mukubwa Zubeda alienda Uropa kabla hajamujua, na picha zetu zote ziliungua na nyumba. Sasa mutamujua.

Anayeniandikia ni Adélaïde, jirani yangu, mujane, fundi cherehani, Mukristo mwenye adabu. Anaandika ninavyosema, nimemukataza kupamba.

Bibi yako, Sikuzani
(kidole chake gumba)

Saliha, haya naongeza mimi Adélaïde, Bibi hajui. Macho yake yameharibika. Wiki iliyopita alisalimia kitenge changu kilichoanikwa kwenye kamba, akakiuliza habari za watoto. Hataki mtu ajue. Kama kuna la kufanya huko, fanya.


Liège, 28 Januari 2005

Bibi yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, ukaniambia nikae, nikakaa chini palepale kwenye ngazi. Picha nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Ameweka mkono mmoja kiunoni, na mimi husimama hivyohivyo, mama mkubwa hunigombeza kila siku kwa hilo. Sasa najua nimeutoa wapi mkao huo. Kila nikilala namwambia usiku mwema, Baba.

Bibi, nimewaza jambo. Akifika nataka umwone vizuri, kila unywele wake. Nataka kukununulia miwani. Huku tunanunua kwenye intaneti: unaona picha za fremu, unachagua, unaandika namba za macho, mama mkubwa anatoa namba ya kadi yake, baada ya wiki mbili mtu wa posta anagonga mlango. Nahitaji karatasi ya daktari wa macho, na pia mtu akupime kwa rula kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jicho la pili.

Usikasirike. Ni zawadi.

Saliha wako


Bwiza, 19 Februari 2005

Saliha,

Nimekasirika.

Nani alikuambia sioni? Mi naona. Na hata kama sioni, ni muji gani huo ambako mutu anauza kitu cha kuvaa usoni bila kuuona uso? Hapa hata kandambili unavaa kwanza, unatembea hatua tatu, unamutukana muuzaji kidogo, ndipo unanunua. Wewe utaipelekea mashine namba, nayo itajua pua yangu ilivyo? Pua hii ilimusumbua hata babu yako.

Lakini Adélaïde alinishika mukono kama mwizi. Barabara ya Kamenge, kule kwa dokta, ilifungwa siku mbili kwa ajili ya risasi, ya tatu tukapanda. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha dokta asubuhi nzima. Ndani kuna karatasi ya ukutani yenye herufi, kubwa juu, ndogo chini. Dokta akasema, Bibi, soma. Nikasoma yote hadi mustari wa chini, bila kukosea hata moja, mi ambaye sikukanyaga mulango wa shule. Akaniangalia sana. Baadaye akaniwekea vioo machoni, kimoja baada ya kingine, akiuliza hiki je, hiki je, na kwa adabu nikamuambia vyote ni vizuri.

Unaona sasa kwamba macho ni mazima. Adélaïde amenipima kwa rula, karibu anitoboe. Karatasi iko humu.

Habari kubwa: biro wanasema baba yako yuko kwenye orodha ya malori ya kurudisha watu mwezi wa sita. Wamemuambia kule kambini kwamba mama yake amemutambua. Nimeanza kupaka nyumba chokaa.

Bibi yako, Sikuzani
(kidole gumba)


Liège, 10 Machi 2005

Bibi,

Nimeshangaa. Karatasi ya daktari inasema unaona mbali kama rubani, na kwa karibu unahitaji kioo kidogo tu, kile dhaifu kabisa. Niliisoma mara tatu. Basi nimeagiza hivyohivyo. Kwenye kompyuta kulikuwa na fremu mia na kitu, nikachagua ya kahawia iliyo pana katikati, itakaa vizuri juu ya pua uliyoitaja. Mgeni mmoja anapanda ndege wiki ya mwisho ya mwezi, atakuletea mkononi.

Ukiivaa, kitu cha kwanza uangalie picha ya Baba. Halafu uniambie: ameshika nini kwenye mkono ule mwingine? Mimi na mama mkubwa tunabishana.

Saliha


Bwiza, 4 Aprili 2005

Saliha,

Miwani imefika. Ni nzuri sana, naona kila kitu, Mungu akulipe. Watu wa mutaa wananiita madamu. Picha nimeiangalia. Baba yako ameshika tasbihi. Alikuwa mutoto wa dini.

Chokaa imekauka. Nimenunua godoro.

Sikuzani
(kidole gumba)

Saliha, mimi Adélaïde, samahani kwa haya. Picha aliishika kichwa chini. Nilikuwa mbele yake. Na kwenye picha hiyo mtu ameshika kikombe cha plastiki, wewe mwenyewe unaona. Sasa nimeelewa mambo ya daktari. Siku ile kwenye benchi Bibi alikuwa anatikisa midomo muda wote, nikafikiri anasoma uradi. Alikuwa anasikiliza kupitia mlango wagonjwa wanaotangulia wakizisoma zile herufi, akazishika kichwani moja moja, kama alivyoshika sura za Kurani kwa kusikia tangu utoto. Aliingia akamrudishia daktari kila kitu kwa mpangilio. Daktari alipima masikio yake, siyo macho. Usimwambie nimesema.


Liège, 15 Aprili 2005

Bibi,

Namwomba tantine Adélaïde akusomee barua hii yote bila kuruka neno. Tantine, nisamehe.

Bibi, kwenye picha si tasbihi. Ni kikombe.

Tangu juzi sijala vizuri. Najua ulizishika herufi za watu kwenye benchi. Hilo lingenichekesha mwaka mzima. Lakini kama huoni kikombe kikubwa namna ile, mwezi wa kwanza pale mezani uliona nini? Ulimtambuaje? Kuna mtu ukutani kwangu namwita Baba. Nimemweleza habari za shule. Nimemweleza mambo ambayo simwelezi mtu yeyote.

Rudi kwa daktari. Mwambie hukusoma. Wana karatasi nyingine ya watu wasiosoma, ina alama moja tu kama uma, wewe unaonyesha kwa mkono meno yanaangalia wapi. Hakuna aibu. Na kila kioo atakachokuwekea, kama ni kibaya, sema ni kibaya. Adabu iache nje.

Niambie kweli, Bibi.

Saliha


Bwiza, 2 Mei 2005

Saliha,

Adélaïde sikumusemesha siku nne. Ya tano alikuja na uji, na uji hauna kosa.

Nimerudi kwa dokta. Nimeonyesha kwa mukono meno ya ule uma: juu, chini, kulia, halafu sikuuona tena. Alicheka, baadaye akaacha kucheka. Aliuliza nilifikaje Kamenge nikiwa hai. Karatasi mupya hii hapa.

Unataka kweli, chukua. Sikuona sura. Niliona kitu kama kichwa, na mabega. Nyuma yangu wamama walikuwa wanasukuma, picha zilikuwa zinapungua, nasikia musichana anageuza, anageuza, nikawaza zikiisha nitarudi nyumbani na nini. Ikaja ile, nikasikia joto hapa kifuani. Nikasema huyu. Nilijua ni moyo wa mama. Leo sijui. Labda ulikuwa moyo wa mutu aliyechoka.

Adélaïde anasema niende biro niseme. Nitasemaje? Na kama ni yeye kweli, wamufute kwenye lori kwa mudomo wangu? Acha miwani ije kwanza. Agiza haraka kwenye hiyo mashine yako isiyo na uso.

Sikuzani
(kidole gumba)


Bwiza, 20 Juni 2005

Saliha mwanangu,

Niandikie jibu hata la matusi, lakini usome mpaka mwisho.

Miwani ilifika siku ya Ijumaa. Hii ya sasa ni mizito, macho yangu ndani yake yamekuwa makubwa kama ya samaki mukeke kwenye sahani. Niliivaa nikapiga kelele, jirani wakaja. Kumbe chokaa niliyopaka ina mabaka kama ugonjwa, na hakuna mutu aliyeniambia. Kumbe Adélaïde ni musichana tu. Miezi yote hii nimekuwa namushauri kama muzee mwenzangu. Mikono yangu sitakuambia.

Tukaketi kukuandikia. Nikasema maneno mawili nikanyamaza, nafikiri la tatu. Kalamu ya Adélaïde ikaendelea kwenda. Nikaiangalia inavyokimbia. Nikamuuliza, "Adélaïde, mi nimenyamaza. Nani anasema?"

Akaweka kalamu chini. Akanieleza yote aliyokuwa anakuandikia chini ya kidole changu, tangu kile kitenge. Nilitaka kumupiga. Halafu nikamuambia alete picha.

Saliha, si yeye. Nilijua kabla sijaifikisha karibu. Masikio si ya kwetu, kidevu si cha kwetu. Ni kijana wa watu ameshika kikombe. Nilikaa nayo mapajani, na malori yalikuwa yanafika kesho yake.

Nilienda. Nilivaa mutandio wa kuazima, maana ule wangu wa sikukuu ulipotea we ukiwa mutoto na mwizi sikumujua hadi leo. Niliwaza nitamuwahi pale wanaposhukia, nimuambie mbele ya watu wa biro. Nikamukuta amekwishashuka, amesimama na mukono kiunoni, kashati kamepigwa pasi, anaangalia kila mwanamuke muzee. Musichana wa biro akamuonyesha mimi.

Akaja akitabasamu. Tabasamu likaanguka njiani.

"Si wewe," akasema.

"Na we si yeye," nikamuambia. "Mi ndiye niliyekosa."

Anaitwa Callixte. Mama yake alikuwa anauza mawese avenyu ya nyuma, walipotezana asubuhi ileile. Kule kambini walimutajia jina langu, akafikiri mama yake naye alibadilisha jina kwa woga kama yeye. Wiki tatu za kwanza hakulala kwa furaha. Nilimufanyia hivyo mutu ambaye sijawahi hata kumuona. Hakunitukana, hilo ndilo liliniua. Alikalia muzigo wake, akaniuliza kama najua pa kulala. Nikamuambia godoro lipo.

Yuko hapa. Anakula kidogo. Hii barua haina maneno ya chini, nimeiangalia kalamu mustari kwa mustari.

Bibi yako, Sikuzani
(kidole gumba)


Liège, 3 Julai 2005

Bibi,

Nimeitoa ukutani. Siwezi kuitupa, ni mtu. Sijui niiweke wapi.

Saliha


Bwiza, 20 Julai 2005

Saliha,

Iweke kwenye bahasha, uirudishe. Mama yake Callixte akipatikana, ataitaka.

Sasa sikia habari ambayo nimeibeba siku tisa, kila nikianza kuisema Adélaïde anaharibu karatasi kwa machozi.

Nilirudi biro. Nilimuambia musichana anipangie picha zote upya, zile za mwezi wa kwanza. Hakutaka. Alisema, Bibi, mara ya kwanza ulituletea matatizo. Nikamuambia ni kweli, ndiyo maana nimevaa macho. Callixte alikuwa pembeni yangu, ana shida yake ya mama. Musichana akaanza kuweka moja moja. Sasa naona. Saliha, zile nilizosema apana, apana, apana, walikuwa watu. Mumoja ana kovu, mumoja amevaa koti kubwa la musaada, mumoja amefumba macho. Niliwapitisha wote kama maganda.

Picha ya arobaini na moja niliishikilia.

Jina sikulitaja. Nilikwishasema mara moja na uliona matokeo. Nikaisukuma picha kwa Callixte, nikamuuliza kama amewahi kumuona mutu huyu. Nilifikiri atakumbuka mbali. Hakufikiria hata kidogo.

"Huyu ndiye aliyenipandishia muzigo kwenye lori," akasema.

Nikauliza anaitwa nani. Akasema kambini wanamuita Fundi tu, anatengeneza baiskeli karibu na bomba la maji, hazungumzi sana. Siku ya malori alimubebea Callixte gunia, akamufungia kamba vizuri, akamuambia hivi, na Callixte aliyasema maneno haya akiangalia sakafu: "We una bahati, mama yako amekuona. Wangu waliungua ndani ya nyumba."

Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeweka kidole kwenye ya arobaini na tatu. Mwanangu alikuwa picha mbili nyuma. Nilimurudisha mezani kwa mukono huu, nikamupandisha mutoto wa mwingine kwenye lori, na yeye mwenyewe ndiye aliyefunga kamba.

Sijapata kulia.

Musichana alipiga redio kule kambini mbele yetu. Siku ya pili jibu likaja. Twalibu, kama ndiye, amekataa. Alisema kambi nzima inamujua yule bibi wa Bwiza anayeokota watoto wa watu. Alisema wamuambie Bibi Mungu amupe subira, lakini yeye aliwazika wake moyoni mara moja na hatawafukua ili awazike tena. Musichana akaona aibu kunisomea. Mi nikasema soma, hilo ni neno langu, nimelipanda mwenyewe.

Kwa hiyo mi mudomo wangu umekwisha. Hawaniamini kule, na wana haki. Nikimutumia jina lake, atasema mutu yeyote anaweza kusikia jina. Nimebaki na wewe. Najua ulikuwa mudogo, najua sura huna. Lakini mutoto wa miaka mitano hawezi kukosa kitu kimoja anachokumbuka. Tafuta. Kitu ambacho mi sikijui, na Adélaïde hakijui, na mutaa haukijui. Uandike kwake moja kwa moja, biro watapeleka. Usiniandikie mimi, wala nisisomewe.

Safari hii sikutumii picha.

Bibi yako, Sikuzani
(kidole gumba)


Liège, 4 Agosti 2005

Kwa Fundi wa baiskeli, karibu na bomba la maji,

Naitwa Saliha. Nina miaka kumi na tano. Sitakuita Baba, kwa sababu neno hilo nimelipeleka kwa mtu asiye mwenyewe mwaka huu, na najua linavyouma likirudi.

Bibi aliyekosea ni bibi yangu. Alikuwa haoni na aliona aibu kusema. Sasa ana miwani, niliinunua mimi kwenye intaneti, mara mbili. Hatukuungua. Bibi aliniingiza kwenye gari asubuhi ile, naye akatoka kwa miguu. Nyumba iliungua tupu.

Sura yako siikumbuki. Nimejaribu siku nne. Nakumbuka kitu hiki tu.

Ulikuwa unanipakia mbele, kwenye bomba la baiskeli. Jua liliwasha lile bomba, nikalia kwamba linaniunguza mapaja. Kesho yake nilikuta umelizungushia kitambaa, umekifunga mafundo mawili, laini. Nilikitambua. Kilikuwa mtandio wa Bibi wa sikukuu. Uliweka kidole mdomoni mwangu, siyo mwako. Bibi aliutafuta wiki nzima, akamtuhumu jirani, akagombana na mtaa, na mimi na wewe tukala chakula tumeinama. Sikumwambia. Mpaka leo hajui mwizi ni nani, na baiskeli uliyoirudia nyumbani asubuhi ile, nafikiri mtandio huo ulikuwa bado umefungwa juu yake.

Usinijibu kwamba ni wewe. Kila mtu anaweza kujibu hivyo, na sisi wawili tumechoka.

Nijibu mtandio ulikuwa wa rangi gani. Mimi naijua.

Saliha